Barua ya wazi: Wagonjwa wa vidonda vya miguu Lindi na Mtwara wanajinunulia wenyewe kile kinachowaponya

Kwa:
Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya afya,
Waganga Wakuu wa Mikoa ya Lindi na Mtwara,
Wasimamizi wa mifuko ya bima ya afya,
Waheshimiwa wabunge na madiwani wa mikoa hii miwili.

YAH: GHARAMA ZA BANDEJI NA SOKSI ZA KUBANA KWA WAGONJWA WA VIDONDA SUGU VYA MIGUU

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni muuguzi mstaafu, mkazi wa Lindi. Sehemu kubwa ya utumishi wangu niliifanya kwenye chumba cha kufungia vidonda, na tangu nistaafu watu wameendelea kunifuata nyumbani na miguu yao: majirani, ndugu wa majirani, na wengine waliosikia tu kwamba pale kuna mama anajua kufunga. Nawaandikia hadharani kwa sababu njia ya ndani nimeipita mpaka mwisho wake. Nilizungumza na uongozi wa hospitali moja, nikaacha barua. Nikaenda ofisi moja ya bima na vivuli vya risiti za wagonjwa. Kote nilipokewa vizuri, nikapewa kiti, nikaambiwa suala langu linafanyiwa kazi. Barua haikujibiwa, na wengi wa wale niliowasemea bado wana vidonda vilevile.

Niruhusuni nieleze kwanza ugonjwa wenyewe, maana wanaopanga fedha si lazima wawe wamewahi kuinama mbele ya mguu wa namna hii. Vidonda vingi vya muda mrefu vinavyotokea juu kidogo ya kifundo cha mguu, hasa upande wa ndani, vinatokana na hitilafu ya vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni. Ndani ya vena za mguu kuna vilango vidogo vinavyozuia damu isishuke tena. Mtu anapotembea, misuli ya shavu la mguu inaibinya mishipa hiyo na damu inapanda. Vilango vikiharibika, iwe kwa mimba nyingi, kwa kusimama kutwa, kwa unene, kwa damu iliyowahi kuganda mguuni au kwa asili ya ukoo, damu inatuama chini. Mguu unavimba jioni. Ngozi inakuwa nyeusi na ngumu, inawasha. Siku moja mtu anakwaruzwa na kijiti shambani akiokota korosho, jeraha dogo la kufumba na kufumbua, na jeraha hilo linakataa kufunga. Linakuwa donda ndugu.

Tiba yake kuu ni kubana mguu. Bandeji maalumu inafungwa kuanzia karibu na vidole hadi chini ya goti, mkazo ukiwa mkubwa kwenye kifundo, takriban milimita 40 za zebaki (kipimo kilekile cha shinikizo la damu), na kupungua kadiri inavyopanda. Kwa kubanwa hivyo, damu inapata njia ya kurudi juu, uvimbe unashuka, na ngozi inapata nafasi ya kujijenga. Jambo hili limepimwa sana. Chambuzi za Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaokusanya na kupima ushahidi wa tiba, za 2012 na 2021, zilikusanya majaribio mengi na kuonyesha kwamba mguu uliobanwa hupona haraka kuliko usiobanwa, na kwamba bandeji za tabaka kadhaa hufanya kazi vizuri kuliko bandeji ya tabaka moja. Bandeji nyembamba ya krepu inayouzwa kila duka la dawa mjini kwetu inalegea mapema, kabla mgonjwa hajafika mbali na kituo. Peke yake haiwezi kushika mkazo huo.

Baada ya maelezo hayo, haya ndiyo malalamiko yangu.

1. Kinachotolewa ni kile kisichoponya

Mgonjwa wa donda la mguu akifika kituoni haondoki mikono mitupu. Anasafishwa kwa maji ya chumvi, anawekewa gozi, anafungwa, anaandikiwa dawa za kuua vijidudu, anaambiwa arudi kesho au keshokutwa. Anarudi. Anasafishwa tena. Nimeona watu waliofanya hivyo mwaka baada ya mwaka, kadi yao ya kliniki ikijaa na kuongezewa karatasi kwa pini. Kusafisha kidonda ni jambo la lazima, nami nimelifanya maisha yangu yote. Lakini kidonda cha vena kinachosafishwa bila mguu kubanwa ni sawa na ngalawa inayofuliwa maji huku tundu halijazibwa.

Na gharama ya mzunguko huo hamuioni kwenye vitabu vyenu, kwa sababu nyingi inalipwa njiani. Mguu usiobanwa unatoa maji mengi, gozi inalowa, inabidi ibadilishwe kila siku au baada ya siku moja. Mguu uliobanwa vizuri mara nyingi hufunguliwa mara moja kwa wiki. Pigeni wenyewe hesabu ya mama anayepanda bodaboda kutoka kijijini kwenda zahanati mara nne kwa wiki, na yule anayekwenda mara moja. Mfikirieni wa Liwale wakati wa masika, barabara ikiwa tope. Mfikirieni anayeishi juu ya Uwanda wa Makonde, Newala au Tandahimba, ambako maji ya kufulia vitambaa vya kidonda nayo ni ya kununua kwa ndoo pale bomba linapokauka. Fedha anayoitumia kutopona ingetosha kumponya, ila hakuna siku anakuwa nayo yote mkononi kwa pamoja.

Dawa za kuua vijidudu nazo zina habari yake. Kidonda cha vena kisicho na dalili za maambukizi, yaani homa, wekundu unaosambaa, usaha, maumivu yanayozidi, hakihitaji antibiotiki. Hata hivyo ndizo zinazotolewa, na zikishindwa kituoni mgonjwa ananunua vidonge vya rangi mbili dukani, anavifungua na kumwaga unga juu ya nyama mbichi. Tunajenga usugu wa dawa kwa ugonjwa ambao haukuhitaji dawa hizo.

2. Bei inalipwa kwa mkupuo, na mwenye kulipa ni mkulima wa msimu

Bandeji za tabaka nne, mfumo uliobuniwa katika hospitali ya Charing Cross, London, miaka ya 1980, hutumika mara moja na kutupwa. Kidonda kinachohitaji miezi mitatu kupona kinataka seti 12. Kama miguu yote miwili ina vidonda, seti 24. Huku kusini mara nyingi hazipo dukani, zinaagizwa Dar es Salaam, na mgonjwa analipa bei ya bandeji pamoja na bei ya basi lililoileta. Soksi za kubana ni hivyohivyo. Mgonjwa wangu mmoja, baada ya ndugu zake kuchangishana, alinunua jozi moja kwa fedha iliyozidi ada ya mwaka mzima ya CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, ambayo wakati huo ilikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita. Jozi moja ya soksi ikapita matibabu ya watu sita kwa mwaka.

Sasa mtazameni mlipaji. Lindi na Mtwara fedha ina miezi yake. Minada ya korosho inaanza Oktoba, mkulima anasubiri malipo yapite chama cha msingi yaingie benki, na yakiingia yanakuta madeni ya pembejeo, ada za shule, bati la nyumba. Katikati ya mwaka kuna ufuta, baadaye mbaazi, kwa aliyenazo. Kati ya Februari na Mei nyumba nyingi hazina kitu. Kidonda hakingoji mnada. Nimemwona mtu aliyeanza kubanwa Novemba, donda likapungua mpaka likawa dogo kama ukucha wa kidole gumba, Januari fedha ikaisha akaacha, na kufika Aprili likawa limerudi lilivyokuwa. Kila kilichotumika kikawa kimepotea.

Wanaoumia zaidi ni wale wanaosimama au kukaa bila kutembea kutwa nzima: wabanguaji wa korosho, mama lishe, mafundi cherehani, vibarua wa maghala, wanaofanya kazi kwenye mashamba ya chumvi pwani. Ukiwaambia wapumzike nyumbani na miguu juu, umewaambia wasile.

3. Kadi ya bima inafika dirishani na kuishia hapo

Nchi imejiwekea Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, Na. 13 ya 2023. Niliifurahia, nikawahimiza watu wajiunge. Sera zetu, tangu Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003, zinasema mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bila malipo. Ni maneno mazuri. Lakini mzee mwenye kitambulisho chake akifika, kumwona daktari ni bure, gozi anapata ikiwepo, kisha anapewa kikaratasi: bandeji ya kubana, kanunue nje. Mwenye kadi ya bima anapewa kikaratasi hichohicho. Nimeuliza kwenye madirisha zaidi ya moja kama kifaa hiki kimo kwenye kitita, yaani orodha ya huduma zinazolipiwa na bima, na majibu niliyopewa hayakufanana. Mmoja alisema hakimo. Mwingine alisema kimo ila hakijaletwa. Wa tatu alinituma kwa wa kwanza.

Mgonjwa hawezi kudai haki ambayo mtoa huduma mwenyewe hana uhakika nayo. Kama bandeji za kubana zimo, andikeni wazi, kwa jina, na mbandike ukutani. Kama hazimo, hapo ndipo pa kuanzia.

4. Kipimo cha kumlinda mgonjwa hakipatikani pale anapohitajika kufungwa

Mguu haubanwi kwa kubahatisha. Mwenye ateri zilizoziba, yaani mishipa inayoleta damu mguuni, akibanwa kwa nguvu, damu inakosa kushuka na mguu unaweza kufa. Kwa hiyo kabla ya kubana tunapima shinikizo la damu kwenye kifundo na kwenye mkono kwa kutumia dopla ndogo ya mkononi, kifaa cha kusikilizia mtiririko wa damu mishipani, kisha tunagawanya la mguuni kwa la mkononi. Jibu likiwa chini ya 0.8 tahadhari inaanza, likiwa chini ya 0.5 habanwi, anatafutiwa mtaalamu wa mishipa. Kwa mwenye kisukari jibu linaweza kudanganya kwa kuonekana zuri, kwa sababu ateri zake hukakamaa, naye anahitaji jicho la ziada. Dopla hiyo inashikwa kwa mkono mmoja, inafanya kazi kwa betri au chaji, na ikitunzwa inahudumia watu miaka mingi. Katika vituo nilivyovifahamu haikuwepo.

5. Baada ya kupona hakuna anayeuliza tena

Hili linaniuma kuliko mengine. Kidonda kikifunga, vilango vya vena bado ni vibovu. Bila soksi za kubana kila siku, na kubadilishwa kila baada ya miezi michache kwa kuwa mpira wake huchoka, kidonda hurudi. Jaribio la ESCHAR la Uingereza, lililochapishwa 2004, lilionyesha kwamba hata kwa waliobanwa, vidonda vya asilimia 28 vilirudi ndani ya mwaka mmoja. Kwa waliobanwa na pia kufanyiwa upasuaji wa vena za juu, zilizo karibu na ngozi, ni asilimia 12. Jaribio jingine, EVRA la 2018, lilionyesha kwamba kuziba vena mbovu mapema huku mguu ukibanwa kunapunguza muda wa kupona wa kati kutoka siku 82 hadi 56. Wenzetu wanajadili wapunguze vipi siku 82. Hapa tuna watu wenye vidonda vyenye umri wa mtoto wa darasa la tatu.

6. Hatuhesabiwi

Kitabu cha kufungia vidonda kinaandika jina, umri, kijiji na neno moja: kidonda. Cha moto, cha bodaboda, cha kisukari, cha selimundu, cha vena, vyote kimoja. Ndiyo maana mtu wa mipango akiuliza tatizo ni kubwa kiasi gani hapati namba, na asipopata namba anahitimisha kwamba hakuna tatizo.

Wapo pia wenye matende, na pwani yetu inajulikana kwa ugonjwa huo. Serikali imefanya kazi kubwa ya kingatiba, dawa za ivermektini na albendazole, na kambi za upasuaji wa mabusha zimewarudishia wanaume wengi heshima yao. Nashukuru kwa dhati. Ila kingatiba inazuia maambukizi mapya. Mguu uliokwisha kuvimba unabaki umevimba, unapasuka, unatoa maji, na nao unahitaji kuoshwa, kutunzwa na kubanwa. Wanawake wenye miguu hii wanaificha chini ya khanga. Hawaendi harusini, hawakai mstari wa mbele msibani, na wale waliokuwa makungwi wa kutegemewa wameacha kuitwa kwenye unyago kwa sababu ya harufu. Tunayafahamu haya sote tunaoishi hapa.

Waheshimiwa, nimekwisha kusikia majibu kadhaa, na naomba niyajibu mapema ili tusirudiane.

Mtasema hakuna bajeti. Bajeti ipo na inatumika, ila inanunua gozi za miaka na antibiotiki zisizohitajika na saa za wauguzi ambao ni wachache. Tena si lazima tununue bandeji za kutupa. Zipo bandeji za mvuto mdogo, za pamba, zinazofuliwa na kuanikwa na kutumika tena mara nyingi. Mgonjwa akiwa na mbili mbili, moja mguuni na moja kwenye kamba, anafika mbali. Ipo pia bandeji ya zinki ya daktari Mjerumani Paul Gerson Unna, ya tangu mwishoni mwa karne ya 19: oksidi ya zinki, jelatini, gliserini na maji, vinapakwa kwenye bandeji ya kawaida. Mfamasia wa hospitali aliyepewa malighafi anaweza kuitengeneza. Nchi inayolima pamba kama yetu, Simiyu na Shinyanga na Mwanza, haishindwi kufuma bandeji, ikiwa kuna mnunuzi mmoja mkubwa aliyesema nitanunua. Mnunuzi huyo ni ninyi.

Mtasema kubana ni hatari mikononi mwa wasiojua. Ni kweli, na nimeieleza hatari hiyo mwenyewe. Sindano nayo ni hatari, na kuongeza damu ni hatari, tulifundishwa, tukafundishika. Muuguzi anayejua kufunga krepu anaweza kujifunza kufunga bandeji hizi kwa siku chache za vitendo, akisimamiwa, huku akijua miguu ipi asiiguse. Nipo tayari kusaidia kufundisha, bila kudai posho.

Mtasema wagonjwa wenyewe hawavumilii, wanazivua. Wengine wanazivua, na sababu zao zina maana. Joto la Lindi na unyevu wake vinafanya mguu uwashe ndani ya tabaka tatu za kitambaa. Maumivu ya siku za mwanzo ni makali. Na wengi wa wagonjwa wetu ni Waislamu: bandeji inavuliwa alfajiri kwa ajili ya udhu, kisha adhuhuri, alasiri, magharibi na isha, na hapo hakuna mkazo unaobaki. Suala hilo la mwisho lilimalizwa kirahisi pale tulipowashirikisha masheikh, wakawaeleza waumini kwamba mwenye bandeji ya tiba anaruhusiwa kupangusa maji juu yake. Baada ya maelezo hayo niliona tofauti kubwa. Mgonjwa akianza na mkazo wa chini unaoongezwa taratibu, akapewa dawa ya maumivu, akaelezwa kwa nini, anavumilia. Asiyevumilia kabisa ni yule aliyeuza mbuzi kununua bandeji na hakuna aliyemfunga ipasavyo.

Mtasema wanachelewa, wanaanzia kwa waganga wa kienyeji. Waheshimiwa, wengi walianzia kwetu. Walikuja na jeraha dogo, tukawasafisha mwaka mzima bila kuwaambia kwamba tatizo ni mishipa, donda likakua machoni petu. Ndugu wakaketi wakasema huyu amekanyaga kitu, si ugonjwa wa hospitali. Siwezi kuwalaumu kwa kutafuta maelezo mahali pengine wakati sisi hatukuwapa lolote.

Na mtasema wapewe rufaa. Tunashukuru kwamba Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini imejengwa Mtwara, na kwamba kwa mambo mengi hatulazimiki tena kuvuka Rufiji. Lakini kufunga mguu kila wiki si kazi ya rufaa. Rufaa iwe ya kupimwa mishipa na kupangiwa tiba mara moja. Kufungwa kufanyike zahanati au kituo cha afya kilicho karibu na nyumba ya mgonjwa. Tuliona Mei 2024, barabara ilipokatika Somanga baada ya kimbunga Hidaya, nini maana ya kutegemea kitu kimoja kinachotoka mbali.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na ninayaomba kwa niaba ya watu ambao wengi wao hawataandika barua.

Kwanza kabisa, bandeji za kubana na soksi za kubana zitajwe kwa jina kwenye kitita cha bima, cha Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya na cha CHF iliyoboreshwa, na kwenye msamaha wa wazee. Kwa aliyepona, soksi angalau jozi mbili kwa mwaka, zihesabiwe kuwa tiba kamili kama vidonge vya shinikizo la damu vinavyotolewa kila mwezi. Hili likifanyika mengine yatafuata. Lisipofanyika, mengine yote ni mazungumzo.

Bohari ya Dawa, ambayo ina kanda yake hapahapa Mtwara, iziweke kwenye orodha ya vifaa ambavyo vituo vinaweza kuagiza, zikiwemo zile za kufuliwa, na ziagizwe kwa wingi ili bei ishuke. Hadi zifike, bei zinazotozwa madukani zitazamwe, maana kifaa kilekile nimekikuta kwa bei tofauti mtaa kwa mtaa.

Kila hospitali ya wilaya, kuanzia Kilwa, Liwale, Nachingwea na Ruangwa hadi Masasi, Nanyumbu, Newala na Tandahimba, ipewe dopla ya mkononi na angalau wauguzi wawili waliofundishwa kuitumia na kufunga. Wawili, ili mmoja akihamishwa au akiwa likizo ya uzazi kliniki isifungwe. Itengwe siku moja ya wiki ya vidonda vya miguu, itangazwe redioni na misikitini na makanisani, watu waijue.

Kitabu cha vidonda kiongezewe safu ya chanzo. Karatasi na rula vinatosha kuanza kesho asubuhi.

Na mwisho, naomba jibu la maandishi. Hata likiwa la kukataa, liseme nani amekataa, kwa sababu gani na lini suala litatazamwa tena. Bajeti za halmashauri zinaandaliwa kila mwaka kabla ya Julai. Naomba jibu lije mapema kiasi cha madiwani kulichukua kuliingiza kwenye vikao vyao. Nitalisoma kwa wagonjwa wanaokuja nyumbani kwangu, neno kwa neno.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Muuguzi mstaafu,
Lindi.

Nakala: Kamati za afya za halmashauri zote za mikoa ya Lindi na Mtwara.